Sura ya Sita: Sahani Iliyozunguka Lupango

Kamisaa Baudouin alikuwa na desturi ya kufunga faili kwa kulipiga kofi, na asubuhi hiyo alilipiga mawili.

"Imeisha," alisema. "Kijana alikula rushwa, jirani alimuona, gunia ya makala tumeikuta kwake. Mchana gari ya parke inakuya, atapanda. Unataka nini tena, Fidélie?"

"Nataka kumusikia, chef."

"Mi nilikwisha kumusikia."

"Ndiyo, chef. Na radio nayo ilikuwa inasema, wakati ule ule."

Baudouin, mzee wa Kamina mwenye tumbo la heshima, alicheka bila kutaka akamsukumia funguo. Alimpenda Inspekta Fidélie Nkulu kama watu wanavyopenda pilipili, huku akilalamika. Fidélie alizichukua kabla hajabadili mawazo.

Mechack alikuwa ameketi sakafuni ndani ya kasho, chumba cha mahabusu. Alikuwa kijana mwembamba, mzaliwa wa Bukavu, aliyekuja Kolwezi kutafuta kazi na kuipata katika Mfuko wa Mwangaza. Mfuko huo haukuwa umetimiza hata mwaka mjini. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza: kaya ambayo kipato chake hakizidi faranka laki tano kwa mwezi hulipiwa nusu ya ankara ya umeme. Ikizidi, hata kwa bei ya kiberiti, italipa yote yenyewe. Vijana kama Mechack walipita nyumba kwa nyumba kuuliza na kuhesabu, na walichokisema ndicho kilichofuatwa.

Sasa ilidaiwa kwamba amemwingiza katika Mfuko mjane mmoja wa mtaa wa Manika, Mama Yolande, ambaye nyumba yake ilikuwa imevuka kikomo, na kwamba alilipwa gunia la makala, yaani mkaa, afumbe macho. Anayepelekwa parke, ofisi ya waendesha mashtaka, kwa rushwa huenda moja kwa moja gereza kuu kungoja zamu yake, na zamu huko huchelewa kuliko treni ya Dilolo. Mechack alilijua hilo.

"Makala ulitoa wapi?" Fidélie aliuliza.

"Nilinunua, Madame."

"Kwa nani?"

"Kwa tata moja, baba mwenye kuuza, ku avenue ya nyuma. Niliona magunia ku mulango ya matete, nikalipa. Jina yake sikuuliza."

"Na kwa nini ulipakia mbele ya mulango ya Mama Yolande?"

"Pikipiki yangu niliiacha pale. Nilizunguka na gunia mu bega, nikaifunga, nikaenda. Kama ingekuwa rushwa, Madame, ningeifunga pale watu wote banaangalia?"

Swali hilo lilikuwa la maana, lakini Fidélie alikuwa ameshakutana na wezi wengi waliouliza maswali ya maana. Alivuta kigoda akaketi.

"Sasa nipe maneno uliuliza ule mama. Kama vile uliyasema, bila kuongeza."

"Nilimuuliza: mama, nani banakula mu nyungu yako? Njo vile batufundisha. Kulala hatuhesabu, juu bageni nabo banalalaka. Tunahesabu nyungu. Wote benye kula mu nyungu moja, beko kaya moja."

"Akajibu nini?"

"Akasema: miye, mutoto yangu Jémima, na bajukuu babili."

"Na bwana ya Jémima?"

"Nilimuuliza. Akaangalia chini, akavuta kitambaa mu uso. Akasema: eko kwake."

"Kwake wapi?"

"Sikuendelea, Madame. Nilifikiri bameachana. Kumuuliza mama mambo kama ile mbele ya bajukuu, ni haya."

Fidélie aliinuka. Mama anayeficha mapato huangalia pembeni, au hutabasamu mno, au huleta soda. Huyu alikuwa amefunika uso kwa kutajiwa mume wa binti yake. Jambo hilo lilimwasha Fidélie akilini, na kabla ya kujua sababu alikuwa tayari barabarani.

*

Mshitaki alikuwa mwalimu Stéphane, jirani wa ukuta kwa ukuta na Mama Yolande. Hakujificha. Alikuwa ameandika jina lake chini ya malalamiko kwa mwandiko wa ubao, mkubwa na ulionyooka. Shule zilikuwa zimefungwa, na Fidélie alimkuta barazani akirekebisha pasi ya mkewe, ambaye alikuwa ndani akishona.

"Jambo, Mwalimu."

"Jambo sana, Mama Inspekta. Nilijua mutakuya. Mi siko muoga, niliandika jina yangu."

"Nimeiona. Uliona nini?"

"Niliona ule kijana wa Mfuko anapakia gunia mbele ya mulango ya Mama Yolande. Na niliona kitu ingine. Ku nyuma ya lupango yake taa inawaka usiku wote. Mujane eko na taa ya kulinda nini?"

"Na wewe, Mfuko inakusaidia?"

Stéphane aliweka pasi chini. Hapo ndipo Fidélie alipoona kidonda kilipo.

"Bamenikatalia. Mushahara yangu na cherehani ya bibi yangu, tunapita kikomo na bei ya samaki moja. Samaki moja, mama! Kijana mwingine wa Mfuko aliniambia: Mwalimu, sema cherehani ilikufa. Nikamuambia, kesho nitaingia mu classe niambie batoto basiseme bongo, basidanganye? Sasa kila mwezi nalipa courant yote, naona mwenzangu analipa nusu, na nyuma kwake kuko taa kama ya hôtel. Inauma."

"Inauma," Fidélie alikubali, na alimaanisha. Lakini macho yake yalikuwa juu ya bati la Mama Yolande. Waya mweusi ulitoka pale, ukapita hewani, ukashuka kwenye nguzo ya mbao iliyosimama upande wa ukuta wa mwalimu. Mtu anayelipa ankara yote kwa uchungu, na waya wa jirani anayelipiwa nusu unakuja kwake. Penye moshi hapakosi moto.

"Mwalimu, na ule waya?"

Stéphane aligeuka, akaufuata kwa macho, na uso wake ukabadilika.

"Munafikiri naiba?"

"Naulizaka tu. Njo kazi yangu."

"Ingia! Ingia mu nyumba yangu! Ventilateur ya bibi yangu inazunguka, radio inasema. Enda kwa Mama Yolande uzime disjoncteur yake, ile swichi kubwa. Kama hapa kwangu kitu inasimama, nifunge miye!"

Huo ulikuwa ushauri mzuri kuliko wowote alioupata wiki nzima, ingawa ulitoka kwa mtu mwenye hasira. Fidélie alimwambia abaki barazani na asikilize redio yake.

*

Mama Yolande alimpokea kwa mikono miwili, kama mgeni na si kama polisi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi za pembeni, mtu wa kanisa, anayepima maneno kabla ya kuyatoa. Uani, binti yake Jémima alikuwa akisonga ugali wa bukari kwenye jiko la mbabula, na wajukuu wawili wakicheza chini ya kamba ya nguo. Nyuma ya uani kulikuwa na ukuta wa matete uliokatiza lupango, kiwanja chote cha nyumba, kutoka upande hadi upande. Haukuwa na mlango wala tundu.

"Karibu, mama. Ni juu ya ule kijana?"

"Ni juu yake."

"Sikumupa kitu. Hata maji alikataa."

"Tutaona, mama. Kwanza nipe ruhusa nizime courant yako kidogo."

Mama Yolande alimtazama binti yake. Jémima aliacha kusonga. Fidélie aliona hayo yote mawili, akashusha swichi.

Ng'ambo ya ukuta, redio ya mwalimu iliendelea kuimba, na mwalimu mwenyewe akapaza sauti kwa furaha: "Unasikia? Unasikia, Mama Inspekta?" Basi si yeye. Lakini kabla Fidélie hajajibu, sauti nyingine ilitoka nyuma ya matete, sauti nzito ya mwanaume, yenye uvivu wa mtu aliye nyumbani kwake.

"Jémima! Courant inaenda wapi?"

Kisha ikakatika ghafla, kama aliyesema amekumbuka jambo na kuziba mdomo.

Mama Yolande alikuwa ameshavuta kitambaa mpaka kwenye nyusi na kugeukia ukuta wa nyumba, na mabega yake yalikuwa yameinama. Fidélie alirudisha umeme taratibu.

"Ni nani?" alimuuliza Jémima.

"Jirani," Jémima alijibu haraka. "Ni jirani wa avenue ya nyuma."

"Anajua jina yako muzuri, ule jirani."

"Kolwezi banajuana, mama."

Fidélie hakubishana. Alichungulia chungu cha mboga ya sombe na sufuria ya bukari, akatazama wajukuu, akatazama wanawake wawili. Bukari ile ingemshibisha hata mchimbaji wa mgodi wa Mashamba aliyetoka shimoni bila kula tangu jana. Kando ya mbabula kulikuwa na sahani nne za plastiki, na moja ya udongo wa kaure, nzuri, yenye maua, imefunikwa kitambaa safi. Haikuwa sahani ya mtoto.

"Mimi naenda," alisema. "Mukule muzuri."

Alitoka kwa mlango wa mbele, akavuka barabara, akasimama kwenye kibanda cha kadi za simu, ambako mtu anaweza kusimama muda mrefu bila kuulizwa. Lori la mgodi lilipita likamwagia kila mtu vumbi jekundu. Fidélie alipangusa uso, akanunua kadi asiyoihitaji, akangoja.

Jémima alitoka na sahani ya maua.

Aliibeba mbele kwa mikono miwili, imefunikwa. Hakutazama nyuma. Alipita mbele ya nyumba ya mwalimu, akapita mbele ya nyumba ya pili na ya tatu, akakata kona. Fidélie alimfuata kwa mbali, na kadiri walivyokwenda udadisi wake ulizidi kuwa mtamu. Kona ya pili. Walikuwa sasa wanarudi walikotoka, lakini kwa barabara ya nyuma, ile iliyokuwa na weusi wa makala mpaka kwenye mifereji. Jémima alisimama mbele ya mlango wa matete wenye magunia pande zote mbili, akapiga magoti kidogo, akaingia.

Fidélie alihesabu nyumba kwa macho, akaona bati la Mama Yolande likichomoza juu ya matete, karibu kiasi cha kurushiwa jiwe. Mwanamke alikuwa amezunguka mtaa mzima na chakula cha moto ili kufika mahali ambapo angefika kwa kunyoosha mkono juu ya ukuta wake mwenyewe.

Fidélie alianza kucheka peke yake barabarani. Halafu akamkumbuka Mechack, akaacha.

*

Ndani kulikuwa na chumba kimoja cha tofali, ghala la makala kutoka Mutshatsha, na balbu iliyokuwa inawaka mchana kweupe juu ya magunia. Waya mweusi ulioshuka kwenye nguzo ya upande wa mwalimu uliendelea hadi kuishia pale. Mwanaume wa miaka thelathini hivi alikuwa ameketi kwenye mkeka na sahani ya maua mbele yake. Alikuwa amekaa akiitazama barabara, mgongo ameupa ukuta wa matete unaotenganisha ua wake na ule wa mama mkwe, na alikuwa akitafuna bila sauti.

Jémima alipomwona Fidélie mlangoni, alijifunika mdomo kwa viganja.

"Usiogope," Fidélie alimwambia. "Tata, maliza kula. Mi ni inspekta. Nangoja."

Lakini mtu hamalizi bukari mbele ya polisi. Alinawa, akainuka, akajitaja: Dady Kyungu, muuza makala. Alizungumza kwa kunong'ona.

"Mbona unasema chini vile?"

Dady alielekeza kidevu kwenye matete. "Eko pale."

"Mama ya bibi yako."

"Ndiyo."

"Na hajakuonaka unakula."

"Hata mara moja. Hata kusema hatusemaka. Kwetu mukwe hawezi kula mbele ya mama ya bibi, mpaka siku ya kumufungulia mulango na chakula ya sherehe, na jamaa zote. Nyumba yetu ilivunjwa wakati mugodi ilipanuka, tukakosa fashi ya kulala. Yee njo alisema kwa Jémima, mukuye mukae nyuma. Niliona haya sana. Njo nikajenga ule ukuta ya matete, nikafungua mulango huku, asipate kuniona. Sherehe bado, juu sherehe inaomba nyumba yangu mwenyewe."

Mambo yote sasa yalikaa mahali pake. Nani anakula mu nyungu yako? Kijana wa Bukavu aliuliza kama alivyofundishwa, na mama alijibu alichokiona kwa macho yake. Bukari iliyotoka chunguni mwake ilizunguka mtaa mzima, ikafika kwa mtu ambaye hajawahi kumwona akila na ambaye hawezi kumtaja jina. Mume yuko wapi? Yuko kwake. Kwake kulikuwa nyuma ya matete. Hakuna aliyemwambia Mechack uongo, na bado alikuwa kasho.

"Ule kijana wa Mfuko," Fidélie alisema. "Ulimuuzia gunia?"

"Ule wa badge? Nilimuuzia. Alilipa yote. Hata ya kuongeza sikumupa." Dady aliinua macho. "Usiniambie amefungwa juu ya gunia yangu?"

"Mchana wanamupeleka parke."

"Basi twende! Nitasema nilimuuzia!"

"Ngoja kwanza. Makala inakuingizia ngapi mu mwezi? Mwezi mubaya."

Dady alitaja hesabu. Hata mwezi mbaya wa Dady peke yake ulipita kikomo cha Mfuko, na mwalimu Stéphane, maskini, alikuwa amenusa ukweli bila kuuona. Fidélie alitikisa kichwa.

"Sikiliza, tata. Ukikuja weye na kusema, mi niko mukwe wa Mama Yolande, nalala mu lupango yake, nakula chakula yake, na ule kijana alitoka na gunia yangu, chef Baudouin atasema nini?"

Jémima ndiye aliyejibu, machozi yakimlengalenga.

"Atasema njo rushwa yenyewe."

"Atasema kijana alikuona, akajua uko wa nyumba hii, akanyamaza. Neno yako itamumaliza. Kuko mutu moja tu mwenye kumutosha mu kasho: ule aliulizwa swali na akajibu. Aseme kijana hakujua, juu yee mwenyewe hakukutaja. Na aseme ni nani hakutaja."

Dady aligeukia matete.

"Hatasema," alinong'ona. "Haiko ubaya. Hawezi. Kwetu kumutaja mukwe ni kama kumuvua nguo. Siku atasema jina yangu, bamama ya kanisa, bandugu, wote batasema ameniharibu na amejiharibu."

*

Fidélie alirudi kwa njia ile ile ndefu. Angeweza kuupanda ukuta wa matete, lakini aliona si vizuri. Jua lilikuwa limeshavuka utosi, na gari la parke lilikuwa na tabia mbaya ya kufika kwa wakati siku ambazo usingependa lifike.

Mama Yolande alikuwa ameketi kwenye benchi uani. Hakuuliza Fidélie ametoka wapi. Matete hayazuii sauti, hata za kunong'ona.

"Mama, umesikia," Fidélie alisema.

"Nimesikia."

"Sikukuya kukuambia ulisema bongo."

"Sikusema bongo. Aliniuliza benye kula. Mi siyamuonaka anakula. Mutu anaweza kusema bitu hajaona?"

"Hapana, mama. Mi naelewa. Niko wa kabila ya Baluba, na mama ya bwana yangu alinifundisha. Lakini ule kijana haiko wa huku, na jaji naye labda haiko wa huku. Lazima niandike neno yako."

"Andika: kuko mukwe."

"Mukwe ni kila mutu, mama. Batasema nimemutengeneza ili nimutoshe kijana. Banataka jina, na jina itoke mu kinywa yako, juu weye njo ulihojiwa."

Ng'ambo ya matete palikuwa na watu wanaosikiliza.

"Nikisema," Mama Yolande aliuliza, "Mfuko itanitosha, itanifuta mu orodha yake?"

Fidélie alitamani kusema hapana. Angeweza hata kusema haijulikani, na ingesaidia.

"Itakutosha. Nyumba yako imepita kikomo, toka siku ya kwanza. Utalipa courant yote, na labda bataomba ile ya miezi ilipita. Sitakudanganya, mama."

"Bwana yangu alipokufa, bakanikatia courant mara nyingi. Nilizoea." Alipangusa magoti ingawa hayakuwa na vumbi. "Ile haiko neno. Giza ni giza tu. Lakini hii ingine, mutoto yangu, hii ingine haina kurudi. Neno likitoka, siwezi kulimeza tena."

"Najua."

"Hapana. Haujui. Utajua siku utakuwa na mukwe."

Fidélie alikubali kuonywa. Alishika kalamu, na alijiona mkatili. Alikuwa amefungua milango mingi ya watu katika kazi hii, mingine kwa teke, lakini hakuwahi kuogopa kugusa mmoja kama alivyoogopa huu.

"Ule kijana," Mama Yolande aliuliza, "mama yake eko?"

"Eko Bukavu."

"Anajua mutoto yake amefungwa?"

"Bado. Simu wamemunyang'anya."

"Siku alikuya hapa alikuwa na njaa. Niliona. Nikamuambia akae akule, akasema hapana mama, nikikula kwako batasema umeninunua." Alitikisa kichwa polepole. "Akakataa chakula yangu ili asifungwe, na bamemufunga tu."

Aliinuka. Hakuifunika sura yake. Aliwaita wajukuu akawatuma ndani, akasimama katikati ya ua akiwa ameyaelekea matete, mikono imeshuka pembeni, na alipofungua kinywa sauti yake ilitoka kubwa kuliko iliyohitajika kwa mtu wa kuandika aliyekaa hatua mbili tu.

"Andika. Mi, Yolande, sikumuambia ule kijana wa Mfuko kama mu lupango yangu kuko mwanaume. Hakujua. Mwanaume mwenyewe ni bwana ya mutoto yangu, chakula yake inatoka mu nyungu yangu. Jina yake," na hapo alipiga hatua moja kuyakaribia matete, "jina yake ni Dady. Dady Kyungu."

Nyuma ya matete kitu kizito kilianguka, labda gunia, labda mtu kupiga magoti. Kisha yakasikika makofi ya viganja, ya chini, ya polepole, kama mtu anavyowasalimu wakubwa asiostahili kuwatazama. Jémima alisikika akilia. Mama Yolande alisikiliza mpaka makofi yakaisha, akaketi, akatia sahihi pale alipoonyeshwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

Fidélie alitoka hadi barabarani ndipo akapiga simu. Baudouin alipokea huku injini ikinguruma karibu naye.

"Umechelewa, Fidélie. Amekwisha kupanda."

"Mumushushe, chef. Kijana hakujua kitu. Mukwe wa mama anakaa nyuma ya lupango, mama hakumutaja, kijana alinunua makala kama mutu yeyote. Niko na neno ya mama."

"Neno, neno! Kila mutu eko na neno. Mama anaweza kusema kuko mukwe, kesho aseme hakuko. Jina iko wapi?"

"Iko hapa. Amemutaja."

"Nani amemutaja? Bibi ya ule mwanaume?"

"Mama mukwe, chef."

Injini iliendelea kunguruma.

"Yee mwenyewe?" Baudouin aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtoto wa Kamina, aliyekulia desturi hiyo hiyo, na si ya kamisaa. "Kwa kinywa yake?"

"Amesimama mu lupango yake, amesema kwa nguvu. Mukwe alikuwa pale, anasikia."

Baudouin alivuta pumzi ndefu. Fidélie alimsikia akiweka simu kifuani, na kupitia kitambaa cha shati la mzee sauti ilifika hafifu, ikimwita askari wa zamu.

"Zima ile gari. Mushushe kijana, mumupe simu yake apigie mama yake. Na mutu asiniulize kwa nini."

Kisha akarudi kwenye simu, akaguna mara mbili kama anayetafuta maneno.

"Fidélie, weye baki pale kidogo," alisema. "Kaa naye. Ule mama asibaki peke yake leo."

Fidélie alirudisha simu mfukoni, akaingia tena ndani kwa Mama Yolande.